Faili la Tundu Lissu kwa muuza magazeti ya zamani Kariakoo: Sh45,000, karatasi tupu 12 zikiwemo

Mimi ni karani wa ofisi ya mawakili hapa Dar es Salaam, mwaka wa 19 sasa. Sijasomea sheria. Kazi yangu ni mafaili: kufungua jipya, kupiga panchi, kuandika namba ya folio, yaani ya kila karatasi, kona ya juu kulia, kulipeleka Mahakama ya Kisutu na kurudi na tarehe nyingine ya kutajwa. Jalada likipotea ofisini, jina linaloitwa ni langu. Kwa hiyo mtu akiniuzia faili, kabla sijasoma neno nalibinua kwanza nione limefungwaje.

Hili lilikuwa limefungwa vizuri, na ndiyo maana nimeamua kuliandikia, pamoja na malalamiko yangu mawili.

Muuzaji ni mzee mmoja anayekaa kwenye varanda la duka la vitambaa, nyuma ya soko la Kariakoo. Biashara inayomlisha ni magazeti ya zamani ya kupima kwa kilo. Wateja wake wakubwa ni akina mama wa vitumbua, wauza karanga, na vijana wa rangi wanaotandika sakafuni wasichafue. Lakini pembeni ana meza ya pili, ndogo, yenye mafaili aliyoyapanga kwa mada: Simba na Yanga kwa misimu, bajeti za serikali, Bunge la Katiba la 2014, ajali za meli, na watu. Kwenye watu kuna Nyerere (mawili, manene), Maalim Seif, Mrema, Sokoine, na Lissu.

Mimi nilimfuata Lissu kwa ajili ya binti yangu. Alimaliza kidato cha sita mwaka 2025 akaomba sheria Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliporudi nyumbani Juni alinikuta nazungumza na simu ya ofisini kuhusu kesi, akanisubiri nimalize, akauliza: "Mama, huyu Lissu ni mwanasiasa au ni wakili?" Nikaanza kumjibu, nikajiona naruka kutoka risasi kwenda Ubelgiji kwenda Bulyanhulu kurudi kwenye risasi. Mtandao wa X ulikuwa umefungwa tangu Mei, na kwenye mitandao mingine kila mtu ana Lissu wake. Nikasema huyu mtoto apate karatasi, asome mwenyewe kwa tarehe.

Bei ya kwanza ilikuwa Sh60,000. Nilimwamkia, nikavuta kigoda, nikakaa. Ukifika pale na haraka utalipa bei ya kwanza, nimeona wanafunzi wawili wakilipa. Tulizungumza nusu saa, ikawa Sh45,000, nikalipa kwa simu. Faili lenyewe ni lile kubwa la spring, la mkono wa pili, nembo ya mwenye nalo wa zamani imefunikwa kwa karatasi ya kaki iliyogundishwa kwa gundi ya unga. Spring bado kali. Vipande vidogo amevibandika kwenye karatasi nyeupe, magazeti mazima ameyakunja mara moja na kuyatoboa pembeni, mbali na maandishi. Kila kipande kina jina la gazeti na tarehe kwa kalamu ya bluu. Ofisini kwetu nimewafundisha vijana wa mafunzo ya vitendo jambo hilo la tarehe kwa miaka na bado wanasahau.

Aliniambia ni karatasi 100. Nilipofika nyumbani nikahesabu za magazeti, zikawa 88. Nitarudi kwenye hizo 12.

Linaanza nyuma kuliko nilivyotarajia. Kipande cha kwanza kinamtaja kama kijana aliyegombea ubunge kwa NCCR-Mageuzi mwaka 1995, Singida Kusini, akashindwa. Hapo mzee amebandika karatasi ya wasifu aliyoiandika kwa mkono: kuzaliwa 20 Januari 1968, kijiji cha Mahambe, Ikungi, shule za Ilboru na Galanos kule Tanga, sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, shahada ya pili Warwick, Uingereza. Mimi ni mtu wa Singida, Ikungi naijua kwa miguu. Ukitoka Dodoma kwa basi, ukishaipita Manyoni na miamba ikaanza kukaa barabarani kama ng'ombe waliolala, umekaribia. Mtoto wa kule kufika Ilboru miaka ile ilikuwa habari ya kata nzima. Baba yangu mdogo anasema hivyo mpaka leo, ingawa yeye ni CCM wa damu na hajawahi kumpigia Lissu kura hata moja.

Sehemu ya pili ndiyo iliyomkamata binti yangu, na ndiyo ambayo watu wengi wa umri wake hawaijui. Kabla Lissu hajawa mbunge alikuwa wakili wa LEAT, ile timu ya wanasheria wa mazingira, na kesi iliyomtambulisha ni ya wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu, Kahama. Agosti 1996 wachimbaji waliondolewa kwenye eneo hilo ili kampuni ya Kanada ichukue mgodi, na kukawa na madai kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni walikanusha. Lissu na wenzake wakataka uchunguzi huru, wakalipeleka suala mpaka Benki ya Dunia, kwa kuwa tawi lake moja lilikuwa limeukatia mgodi bima. Mwaka 2002 yeye, mwenzake Rugemeleza Nshala na Augustine Mrema wakashtakiwa kwa uchochezi.

Binti yangu akasema: "Kumbe uchochezi ni wa tangu zamani." Nikamwambia ageuze kurasa, atalikuta neno hilo mpaka alizoee. Mwaka 2016 lipo: gazeti la Mawio limefungiwa kwa habari ya Zanzibar, wahariri wake wameshtakiwa, na Lissu amejumuishwa kwa kuwa alinukuliwa humo. Juni 2016 lipo tena, safari hii kwa maneno mawili aliyoyasema nje ya Mahakama ya Kisutu, "dikteta uchwara." Siku ile nilikuwa Kisutu na jalada la madai ya pango mkononi. Sikusikia aliyosema. Nilichoona ni waandishi wakikimbia kuelekea getini na karani mwenzangu wa masijala akifunga dirisha, nikakosa muhuri wangu, ikabidi nirudi kesho yake.

Sasa lalamiko la kwanza, na liko hapa kwenye Bulyanhulu. Vipande vitatu vya sehemu hii ni fotokopi, na mzee hakusema. Aliviweka ndani ya plastiki ili mtu asiviguse, na mbele ya meza yake, kwenye kivuli cha varanda, usingegundua. Nyumbani, chini ya taa, niliona alama ya selotepu juu ya kichwa cha habari. Nikavitoa kwenye plastiki, nikapitisha kidole: macho yanaona selotepu, kidole hakiikuti. Selotepu ilibaki kwenye nakala ya kwanza, popote ilipo. Mtu wa mafaili hafanyi hivyo. Fotokopi si dhambi, ofisini tunazitumia kila siku, lakini inapigwa muhuri wa "nakala" kabla haijaingia kwenye jalada. Nilirudi Jumatatu kumwambia. Hakubisha. Alicheka kidogo kwa aibu, akasema magazeti ya miaka ile yakishikwashikwa yanamwagika kama majani makavu, akanirudishia Sh3,000 na kipande kimoja halisi cha 2010 juu yake. Nimeridhika, lakini wewe ukienda vua kila plastiki kabla ya kutoa hela.

Kipande hicho cha 2010 ni cha uchaguzi: Lissu ameshinda Singida Mashariki kwa CHADEMA. Sehemu ya ubunge, 2010 hadi 2017, ndiyo nene kuliko zote, na kusema kweli ndiyo inayochosha. Alikuwa mnadhimu mkuu wa kambi ya upinzani, kwa hiyo kila wiki kuna mwongozo wa Spika, taarifa, kanuni, kutolewa nje. Mzee amehifadhi kila kitu. Ningekuwa mimi ningepunguza nusu. Bunge la Katiba la 2014 lingebaki lote, maana pale Lissu alibishana juu ya hati ya Muungano kama anavyobishana wakili juu ya hati ya kiwanja, na Ukawa, umoja wa wapinzani, wakatoka ukumbini Aprili. Mengine ni kelele za Dodoma.

Ila humo humo kuna folio nne za 2015 ambazo ni sababu ya mimi kuliamini hili faili. Zinahusu Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, kutoka CCM kuhamia CHADEMA na kupewa tiketi ya urais. Ya kwanza kati ya hizo nne ni ya 2007, imetolewa kwenye mpangilio wa miaka kwa makusudi: mkutano wa Mwembeyanga, Temeke, ambapo wapinzani walisoma orodha ya mafisadi, na Lowassa akiwemo. Halafu inafuata 2015, chama kile kile, Lissu akiwemo, wakimnadi. Hakuna maelezo ya mzee, amezipanga tu zifuatane. Binti yangu alizisoma mara mbili, akafunga faili, akaenda kuosha vyombo bila kuambiwa. Mashabiki wa Lissu wangezichomoa folio hizo, na wasiompenda wangeanza nazo.

Mwaka 2017 una kigawanyo chake chekundu, na unastahili.

Machi 18, Arusha, mawakili wanamchagua kuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Bosi wangu alikuwepo, alirudi sauti imemkauka. Agosti anasema hadharani kwamba ndege ya Bombardier iliyonunuliwa na serikali imezuiwa Kanada kwa sababu ya deni, anakamatwa tena. Usiku wa kuamkia Agosti 26 ofisi za mawakili wa IMMMA hapa mjini zinalipuliwa. Chama chini yake kinaitisha mgomo: mawakili wasiende mahakamani Agosti 29 na 30. Nazikumbuka hizo siku mbili kwa sababu sisi makarani hatukujua kama mgomo unatuhusu. Tulikaa ofisini na mashauri yamepangwa na hakuna wa kwenda kuyasimamia. Mmoja wetu alitumwa tu akaandike tarehe mpya. Siku nane baada ya hapo, Septemba 7, Lissu akapigwa risasi.

Folio yenyewe ni gazeti zima la Septemba 8, na hali yake ni mbaya. Mzee alinieleza alivyolipata: hakulinunua, alilinusuru. Mama mmoja wa bagia alikuwa amechukua kilo tatu za magazeti, na yeye alipopita jioni akaona bagia zimekaa juu ya ile picha ya gari lenye matundu. Akamnunulia bagia zote zilizobaki ili apate karatasi. Mafuta yameingia katikati ya ukurasa, na pale yalipoingia karatasi imekuwa kama kioo cha bafuni: habari ya Dodoma unaisoma huku majina ya wachezaji wa upande wa pili yakipita chini yake, yamegeuka kinyumenyume. Lissu ametoka bungeni mchana, amefika kwenye makazi yake Area D, gari limesimama, wamefyatua. Risasi 16 zikampata. Hospitali ya Dodoma, halafu usiku huo huo ndege kwenda Nairobi. Harufu ya mafuta ya kukaangia bado ipo, hafifu, ukiinama karibu. Niliinama. Kwenye mafaili huwa nanusa ukungu tu.

Sikumpigia kelele mzee juu ya hali ya karatasi hiyo. Ingekuwa safi ningeshuku ni fotokopi nyingine.

Baada ya hapo ndipo faili linapofanya kitu ambacho sikutegemea kwa muuza magazeti. Oktoba 2017 ina folio mbili tu. Novemba tatu. Mtu yuko hospitali Nairobi, nchi nzima inauliza, na faili limekonda. Katikati ya karatasi za magazeti zimeingia karatasi za manila, tupu, nyeupe, kila moja na mstari mmoja wa kalamu ya bluu. Mawio, limefungiwa Juni 2017, miezi 24. MwanaHALISI, limefungiwa 19 Septemba 2017, miezi 24. Raia Mwema, 29 Septemba, siku 90. Tanzania Daima, 24 Oktoba, siku 90. Na kadhalika, mpaka 2020 Tanzania Daima liliponyang'anywa leseni kabisa, na Februari 2022 magazeti yale yaliporudishiwa leseni. Moja ni la Uhuru, gazeti la CCM yenyewe, lilisimamishwa siku 14 Agosti 2021. Halina uhusiano na Lissu. Nadhani mzee alishindwa kujizuia.

Hizo ndizo karatasi 12 zinazofikisha 100.

Masijala ya mahakama ina utaratibu huo huo. Folio ikitolewa kwenye jalada, kwa mfano imepelekwa Mahakama Kuu kwa rufaa, unaweka karatasi mahali pake yenye tarehe na sababu, ili anayekuja baada yako asidhani haikuwahi kuwepo. Ofisini wachache wanaufuata. Nilipomkuta muuza magazeti ya vitumbua anaufuata, nilimheshimu. Hata hivyo Jumatatu ile nilimuuliza: "Mzee wangu, na karatasi tupu nazo umenihesabia?" Akaniangalia kama mtu aliyeonewa. "Mama, manila ni Sh500 moja. Hapo hata faida sijaweka."

Kwa hiyo kama unahesabu, magazeti uliyonunua ni 88 na manila ni Sh6,000. Hilo ndilo lalamiko la pili, na nalipunguza makali njiani.

Kutoka hapo nitakwenda haraka, kwa sababu haya wengi mnayakumbuka. Januari 2018 Lissu anahamishiwa Leuven, Ubelgiji. Juni 28, 2019 Spika Ndugai anatangaza amepoteza ubunge, kwa utoro na kutojaza fomu za mali, na mwezi uliofuata mgombea wa CCM anapita bila kupingwa. Baba mdogo alinipigia siku hiyo, mwana CCM yule yule, akasema, "Sasa mgonjwa anaitwa mtoro," akakata simu. Julai 27, 2020 anarudi, anagombea urais, anatangaziwa kura 1,933,271 dhidi ya 12,516,252 za Magufuli, anayakataa matokeo, anakimbilia kwa balozi wa Ujerumani, na Novemba 10 anaondoka tena. Januari 25, 2023 anarudi, wiki tatu baada ya Rais Samia kuondoa zuio la mikutano ya hadhara. Waliompiga risasi hawajafikishwa mahakamani. Mzee hapo hakuweka manila. Nilitazama kama angeweka.

Mpangilio wa sehemu hii una makosa madogo. Folio moja ni ya Alute Mughwai, kaka yake, ambaye naye ni wakili na ndiye aliyekuwa akiisemea familia. Mzee ameandika kwa kalamu "Lissu akiongea na waandishi." Wanafanana, namwelewa. Nyingine imewekwa chini juu. Pia hakuna orodha ya yaliyomo mbele. Kwa faili la folio 100 hiyo ni kasoro, nimeitengeneza mwenyewe Jumapili mbili.

Kuna jambo ambalo hakulipanga, au labda alilipanga, sikumuuliza. Picha tatu ziko mbali mbali ndani ya faili, na binti yangu ndiye aliyezitoa na kuzipanga kwenye meza ya kulia. Ya kwanza, Novemba 28, 2017: Samia Suluhu Hassan, Makamu wa Rais, amesimama pembeni ya kitanda cha Lissu, Nairobi. Ya pili, Februari 16, 2022: Samia, sasa Rais, na Lissu wameketi pamoja Brussels. Ya tatu ni ya Aprili 2025, Lissu kizimbani Kisutu, hati ya mashtaka inasema uhaini. Mtoto akazitazama muda, kisha akauliza swali ambalo si la siasa kabisa: "Mama, uhaini dhamana ipo?"

Nikamjibu kama karani. Hakuna. Ni kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, adhabu yake kifo, na Kisutu haina mamlaka ya kuusikiliza. Inautaja tu. Unaletwa, upande wa Jamhuri unasema upelelezi haujakamilika, unapewa tarehe, unarudishwa. Nimeandika "upelelezi haujakamilika" kwenye shajara ya ofisi mara nyingi kuliko jina langu.

Sehemu ya 2025 kwenye faili ilikuwa na folio tisa nilipolinunua mwishoni mwa Julai. Ya kwanza ni ya matokeo ya Januari 22, Mlimani City: Lissu kura 513, Freeman Mbowe 482, uenyekiti wa CHADEMA umebadilika mikono baada ya miaka 20 na ushee ya Mbowe. Mzee ameweka magazeti mawili ya habari hiyo, moja linalomshangilia mshindi na jingine linalomsikitikia aliyeshindwa, na waliohama chama baada ya hapo wana folio yao. Aprili 9 anakamatwa Mbinga, Ruvuma, kwenye mikutano ya kudai mabadiliko kabla ya uchaguzi. Aprili 10 Kisutu. Aprili 12 chama kinaambiwa hakitashiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Juni 16 anaiambia mahakama kwamba atajitetea mwenyewe, kwa sababu mawakili wake hawapewi nafasi ya kuzungumza naye faragha gerezani.

Hapo bosi wangu, ambaye huwa hachangii mazungumzo ya makarani, alisimama mlangoni akasema wakili akijitetea mwenyewe kwenye kesi ya kifo usimwite jasiri kabla hujauliza nani atamletea vitabu. Sijui kama alikuwa anamsifu au anamlaumu. Lakini tangu siku ile nikipiga panchi jalada lolote nene nafikiria hilo: mtu yuko gereza la Ukonga, jalada lake kalipanga nani? Folio kambandikia nani? Sisi tunaosema "wakili kasema" huwa tunasahau kuna mtu alibeba boksi.

Agosti 18, nikiwa tayari na faili, Kisutu ikamaliza sehemu yake na shauri likaenda Mahakama Kuu. Mahakama pia ikazuia kurusha kesi moja kwa moja, kwa sababu ya kulinda mashahidi. Kesho yake asubuhi nilipita kwa mzee kabla ya kazi nikamkuta amezungukwa. Magazeti mapya, ya siku hiyo hiyo, ambayo kwa kawaida hauzi, alikuwa ameyapanga kwenye ile meza ndogo. Akaniona, akanitolea moja chini ya mkeka, akasema ameniwekea. Sikuagiza. Sh1,000, bei ya juu ya gazeti, hakuongeza hata mia. Hiyo ni huduma, na naiandika hapa kwa usawa na zile fotokopi.

Kwa anayetaka kwenda: nenda asubuhi kabla ya saa nne, jua likipanda anafunika kila kitu kwa turubai na hatafuti faili lolote. Ijumaa hayupo mchana. Hatoi risiti, niliandika mwenyewe akasaini. Usimuulize yeye ni chama gani. Mteja mmoja aliuliza mbele yangu, na bei ya faili alilokuwa ameshika ikapanda. Chukua begi imara, spring ya faili ikifunguka kwenye daladala ya Mbagala utaokota maisha ya mtu chini ya viti. Kama wewe ni mwanafunzi na unataka uwakili wake tu, mwombe akuuzie sehemu ya LEAT na ya 2017 peke yake, anakubali kuvunja faili, alimfanyia jirani yangu kwa Sh18,000.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja imebaki kwenye selotepu.

Binti yangu ameanza kuongeza folio zake mwenyewe, kwa kalamu ya bluu kama ya mzee, na namba ameandika kona ya juu kulia bila mimi kumwambia. Yuko 103. Jana usiku mzee amenitumia ujumbe kwamba amepata gazeti la Januari 2018, lile la safari ya kutoka Nairobi kwenda Ubelgiji, halisi, nimpelekee Sh3,000. Nimemjibu: "Shikamoo mzee wangu. Nipigie picha kwanza, pande zote mbili."